Banda Lililoegemea Ukuta wa Bi Somoe

Banda la kuku, wanangu, halipimwi asubuhi. Asubuhi kila banda ni zuri: mabati yanang'aa, wavu umekazwa, mwenye nyumba anapiga picha. Nendeni magharibi. Kaeni kando, nyamazeni, tazameni kuku wanavyorudi. Wakiingia wenyewe bila kufukuzwa, fundi amefanya kazi. Wakisimama mlangoni wakageuza shingo kama mkwe aliyewekewa chakula asichokipenda, fundi arudi na msumeno wake.

Nimejenga mabanda Nachingwea na Ruangwa tangu nikiwa binti mpaka viganja viliponigomea. Siku hizi nyundo naishika kama ya kuazima. Ndiyo maana nyinyi wa kikundi cha ufugaji mliponifuata hapa nyumbani, mkanikuta naanika mbaazi, mkasema, "Bibi, tunataka utuonyeshe," niliwajibu kuonyesha siwezi tena, kusimulia naweza. Mmoja wenu akasema, "Freshi tu bibi, sisi tunarekodi." Haya, rekodini. Ila kuku wangu wakiingilia maneno msiwakate, maana nao wana uzoefu.

Ufundi alinipa Mjomba Hamisi, kaka wa mama yangu. Kwetu mnajua mjomba ni mtu mzito. Alikuja kwa mama kuomba mpwa wa kiume wa kumsaidia kazi, mama akamwambia, "Wa kiume sina. Huyu ana mikono." Mjomba akanishika viganja, akavigeuza, akasema, "Ni mikono kweli," tukaondoka.

Hakuwa mtu wa kufundisha kwa mdomo. Alikuacha ukosee, kisha anakuja kutazama nawe kosa lako kama watu wawili wanaotazama mvua. Kazi yangu ya kwanza alinituma nikate mianzi. Nikachagua ile ya kijani, laini, inayong'aa, nikaona nimepata. Tukajenga banda zima. Baada ya muda tukapita pale, chini ya kila mwanzi pana kirima cha unga mweupe. Fukusi walikuwa wamekula mpaka ndani. Mjomba akachota ule unga kiganjani, akaupuliza kidogo, akasema, "Mpwa wangu, umesaga vizuri. Tusonge ugali?"

Tangu siku ile mwanzi naugonga kwanza. Uliokomaa unalia kavu. Mchanga unalia kama mtu mwenye mafua. Nao uliokomaa usiutumie hivyohivyo: uloweke mtoni mpaka utoe utamu wake, kisha uuanike kivulini. Mdudu hafuati mti, anafuata utamu. Na nguzo kabla hujaichimbia, ichome mguu wake motoni mpaka uwe mweusi, mchwa watauonja na kuuacha.

Kipingo cha mlango nacho kina habari yake. Kule Chunyu tulimjengea mwenyekiti wa kitongoji banda la kusimama mtu, na mlangoni nikaweka kipingo cha mbao kinachozunguka kwenye msumari, kwa nje. Siku moja mwenyekiti ameingia kuokota mayai, upepo ukausukuma mlango, kipingo kikashuka chenyewe, tap. Mkewe yuko mnadani. Basi mwenyekiti akabaki humo. Wakaja watu wawili na kesi ya mbuzi aliyekula ufuta. Mnafikiri aliwaambia wamfungulie? Heshima ilimzuia. Aliwaambia, "Semeni tu, nawasikia, nipo kwenye ukaguzi." Akaamua kesi nzima kutoka nyuma ya wavu, jogoo amesimama juu ya kofia yake. Mkewe aliporudi ndipo akatoka. Wale wenye mbuzi walisema hukumu ilikuwa ya haki, ila walitaka kujua kama kesi nyingine nazo zitasikilizwa humo. Kwa hiyo, wanangu, kipingo kifunguke na kwa ndani.

Kilimarondo ni somo lingine. Kule pori liko jirani na shamba, na anayekuja kula kuku hapiti mlangoni. Nyegere anachimba. Ukimjengea mtu wa Kilimarondo banda lisilo na mawe chini, umemjengea nyegere jiko. Panga mawe, shindilia udongo juu yake, halafu mwaga pumba za mpunga. Na majivu pembeni kuku waogee, wajitoe utitiri. Hayo mtayapata hata kwenye video zenu za simu, na nimeziona, nyingine nzuri. Lakini lile la Bi Somoe sijaliona kwenye video, ndilo nataka mlichukue.

Bi Somoe alikuwa mjane wa Narung'ombe, Mmwera, mwembamba, anayetembea ameinamisha kichwa kama anayetafuta sindano. Mumewe, Mzee Bakari, alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee aliyebaki, Rajabu, alikuwa dereva wa lori Mtwara. Rajabu ndiye aliyenipigia simu.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye fundi Mwanahawa wa mabanda?"

"Marahaba baba. Ndiye."

"Naomba uende Narung'ombe kwa mama yangu. Analala na kuku chumbani."

Nikacheka. Wangapi walikuwa hawalali na kuku? Mimi mwenyewe nimekulia hivyo. Lakini Rajabu hakucheka. Alisema mama yake anakohoa mpaka anashika ukuta. Mganga wa zahanati amempima, amemweleza kwa upole kabisa: vumbi la kuku na vinyesi vyao vinamharibu kifua. Kuku watoke, au kifua kitaondoka naye.

"Nimemwambia tuwachinje wote," Rajabu akasema. "Nikamwambia, mama, kuku si watu. Unajua alinijibu nini? 'Nimesema ni watu? Nimesema ni wangu.' Basi jenga, mama fundi. Jenga mbali na nyumba, upande wa nyuma wa jiko kabisa."

Nikaenda. Nilipofika jua lilikuwa linashuka, na nikayaona kwa macho yangu. Kuku waliingia kwa mlango mkubwa mmoja nyuma ya mwingine, bila haraka, kama waumini. Wengine wakaenda chini ya kitanda. Mmoja mwenye shingo tupu, Bi Somoe alimwita Shangazi, akaruka juu ya kinu kilichokuwa pembeni ya kitanda, akajikunyata. Bi Somoe akasalimu kila mmoja anapopita, kisha akaanza kukohoa. Kikohozi kile sikukipenda. Kilikuwa kinatoka mbali.

Nikajenga nyuma ya jiko, kama Rajabu alivyotaka. Niwaambie ukweli, lilikuwa banda zuri kuliko yote niliyokuwa nimejenga. Paa la bati, wavu mpya, mianzi iliyolia kavu, fito za kulalia nimezipiga randa mpaka zimekuwa laini. Majirani walikuja kulitazama. Mmoja akasema hata yeye angehamia. Bi Somoe alilizunguka, akaligusa, akasema, "Mikono yako imebarikiwa, mwanangu," nikavimba kichwa.

Ikafika magharibi. Kuku wakarudi, wakalipita banda langu kama hawalioni, wakaenda kusimama mbele ya mlango wa nyumba. Mlango tulikuwa tumeufunga. Wakasimama. Shangazi akaanza kuuparura kwa kucha. Ndani, Bi Somoe amesimama upande wa pili wa ule mlango, mkono juu ya komeo, namwona kwa ufa. Mimi nimesimama uani kama mtu aliyekuja kutenganisha ndoa ya watu.

Mwishowe tukawashika mmoja mmoja na kuwabeba bandani. Kuku akishabebwa gizagiza anatulia, hakuna aliyelia. Nikalala sebuleni kwa Bi Somoe nikijiambia, watazoea.

Alfajiri nilitoka kutafuta maji ya kunawa. Nikamkuta Bi Somoe nje, ameketi kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza kwenye banda, amejifunika kitenge kilicholoa umande. Anatetemeka. Kikohozi kimemkamata hata salamu yangu hakuweza kuitikia upesi.

"Mama, umelala hapa?"

"Nimekaa tu."

"Kwa baridi hii? Na kifua hicho?"

Akangoja pumzi irudi. "Fundi, banda lako zuri. Sina ugomvi nalo. Ila liko mbali."

Nikatazama. Kutoka pale mpaka mlangoni mtoto angerusha embe likafika. "Mbali wapi, mama?"

"Mbali na kitanda."

Nikakaa naye mkekani, nikamzungushia khanga yangu. Ndipo akanieleza, taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mzee Bakari alikuwa mtu wa kuguna usingizini. Maisha yao yote alimlalamikia: unaguna, unanikatiza usingizi. Alipofariki nyumba ikanyamaza. Watu wakaja, matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, na ukimya ukabaki.

"Nikishtuka usingizini nisisikie kitu," akasema, "nadhani ni mimi niliyekufa. Nalala pale nangoja. Kisha kuku mmoja anajigeuza, anasema krrr. Najua, aa, kumbe bado nipo. Nipo kwangu."

Nilimwingiza ndani, nikamwashia moto, nikampa uji. Halafu nikatoka nikaingia bandani mwangu, nikakaa chini pamoja na kuku, nikafikiri. Mganga alikuwa sahihi. Rajabu alikuwa sahihi. Na Bi Somoe naye alikuwa sahihi. Nilikuwa nimepima upana, nimepima kimo, nimepima mteremko wa paa. Yule atakayekuwa kitandani sikumpima.

Jua lilipopanda nikaanza kung'oa misumari.

Rajabu akapiga simu, jirani alikuwa amemfikishia habari. "Mama fundi, naambiwa unabomoa. Si limekwisha?"

"Limekwisha, baba, ila halikaliki. Nalihamishia kwenye ukuta wa chumba cha mama yako."

"Ukuta wa chumba! Si ndio palepale tunapopakimbia? Nimekuambia mbali!" Sauti yake ilipanda. "Anakufa, mama fundi. Unanielewa? Mama yangu anakufa kwa ajili ya kuku."

Nikamwambia, "Amelala nje jana, Rajabu. Kwenye umande. Tukiwaweka mbali atawafuata."

Nilisikia honi za magari upande wake. "Nakuja," akasema, na simu ikakatika.

Kabla ya kujenga nilikwenda zahanati. Sikutaka kubahatisha na kifua cha mtu. Yule mganga akafunga kazi yake, akaja mwenyewe kutazama. Dirisha la chumba lilikuwa mashariki. Akasema banda liwe upande wa pili wa chumba, kule upepo unakoelekea, usimrudishie vumbi dirishani. Ukuta uzibwe usibaki ufa. Na Bi Somoe asifagie banda yeye, afagie mtu mwingine mwenye kitambaa puani. Nikasema sawa, nikaongeza langu moja.

Nyumba ilikuwa ya miti na udongo. Nilikwangua udongo kwa nje mpaka nikaiona miti ya ukuta, halafu fito za kulalia kuku nikazichomeka ncha zake mpaka zikagusana na ile miti, nikazifunga kwa kamba, kisha nikakandika upya kila mahali, udongo uliochanganywa na majivu, kwa nje na kwa ndani. Vumbi lisipite, ila mti uguse mti. Kuku akihama mguu kwenye fito, ukuta unajua. Na fito zenyewe nikaziweka kwenye kimo cha kitanda cha Bi Somoe, usawa wa kichwa chake.

Kukandika alinisaidia Bi Somoe mwenyewe. Nilimkataza, akaniambia, "Nyumba hii niliikandika mimi kabla hujaota meno." Rajabu aliposhuka kwenye bodaboda alimkuta mama yake juani, udongo mpaka kwenye viwiko, ananikosoa ninavyolainisha. Alisimama pale na begi lake begani. Alikuja na hasira yote kutoka Mtwara, nikaiona inamtoka usoni kidogo kidogo. Akavua viatu, akakunja suruali, akaanza kutukanyagia udongo.

Kinu tulikihamishia bandani. Hilo lishikeni: kuku hahamii banda, anahamia kitu anachokijua. Chukua kigae alichozoea kunywea maji, gogo alilozoea kurukia, weka ndani. Wafungie siku chache ukiwalisha humohumo, halafu wafungulie uone. Tulipowafungulia, magharibi yake walikuja mpaka mlango wa nyumba, wakausimamia kidogo, Shangazi akazunguka kona, akaruka juu ya kinu chake. Wengine wakafuata.

Baada ya sala tuliingia chumbani kwa Bi Somoe, sote watatu. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kinanuka udongo mbichi. Bi Somoe akapanda kitandani, akaugonga ukuta kwa ukucha, taratibu. Upande wa pili kitu kikasogea. Kisha ikaja ile sauti, ya chini, ya uvivu: krrr.

Rajabu akaweka kiganja ukutani. "Ni Shangazi huyo?"

"Shangazi?" Bi Somoe akamtazama kama mtu asiyejua kitu. "Shangazi hajibu upesi hivyo. Huyo ni jogoo. Anajifanya halali."

Rajabu alicheka, kisha akageuka upande, akawa anajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, na mkono wenyewe una udongo, akazidi kujipaka. Mimi na mama yake tukajifanya tunatazama paa.

Kikohozi hakikuisha kama taa inavyozimwa. Kilipungua kidogo kidogo, kikaacha kumwamsha, na msimu wa korosho uliofuata niliambiwa anaokota mwenyewe. Kila nikipata kazi Ruangwa nilipitia kwake. Tunakunywa chai, ananisimulia kuku wamefanyiana nini huko bandani, nani kamnunia nani.

Kisha kiangazi kimoja kideri, ugonjwa unaofagia kuku, kikapita Narung'ombe. Wanangu, kama hamtakumbuka kingine, kumbukeni chanjo: tone moja jichoni, na mrudie kila baada ya miezi mitatu, hata kama kuku wanaonekana wazima. Mwaka ule dawa ilichelewa kijijini. Bi Somoe aliwapoteza wote kwa wiki moja, Shangazi na jogoo pamoja. Mimi nilisikia sokoni, nikaacha kazi niliyokuwa nayo, nikaenda.

Nilimkuta ameketi kitandani mchana. Hakukohoa. Aliniambia majirani wamemsaidia kuwachoma na kuwafukia, na ukuta bado anaugonga. "Mkono unajisahau," akasema.

Nikatamani niende hapohapo nimtafutie wengine, lakini banda lililouguza halipokei wageni upesi. Pumba zote tukatoa na kuchoma, kinu tukakisugua kwa maji ya moto, kuta na fito nikazipaka chokaa, tukaliacha wazi jua liingie, wiki baada ya wiki. Mjukuu wa jirani akawa anakuja kulala na Bi Somoe. Binti mzuri, ila usingizi wake ulikuwa kimya kama jiwe.

Siku mganga wa mifugo aliposema sasa banda liko tayari, Rajabu alikuwa njiani. Alifika na bodaboda, amekumbatia boksi kubwa lenye matundu, na kabla hajashuka tulishamsikia. Si yeye, boksi. Kelele zilizotoka humo zilitoa watu majumbani.

"Umenunua kuku gani hawa?" nikamuuliza. "Wana vita?"

"Wamechanjwa wote, mama fundi, usiwe na shaka." Akaliweka boksi chini kivulini, jasho linamtiririka. "Nimezunguka soko la Ruangwa asubuhi nzima. Muuzaji ananiuliza, unataka wa mayai au wa nyama? Nikamwambia, wewe nyamaza kwanza niwasikilize. Nikachutama mbele ya kila tenga. Watu wakadhani nimechanganyikiwa. Wanene niliwaacha, maana wengi walikuwa kimya. Nikachukua wenye maneno."

Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni. Akaja polepole, akapiga magoti mchangani, akalaza shavu lake juu ya boksi, akafumba macho. Ndani ya boksi walikuwa wanagombana, wanalalamika, wanasukumana, na chini ya kelele zote mmoja alikuwa anaguna peke yake, taratibu, bila haraka na mtu.

Bi Somoe akaweka kidole juu ya tundu ilikotoka sauti ile.

"Huyu," akamwambia mwanawe, "atalala upande wangu."